Adapta Katika Kikapu cha Mavuno

Gari la mjukuu wangu halina sauti, na hilo ndilo jambo la kwanza watu wa kwetu walilolichukia. Linapanda kutoka Tengeru kimya kimya, mtu amebeba majani ya ng'ombe kichwani, anashtukia tu liko mgongoni kwake. Mbuzi hawalikwepi. Wiki ya kwanza liliua kuku wawili, na mmoja alikuwa wangu. Nilimla bila kinyongo. Gari ni la mjukuu wangu, na kwenye mlima wetu huu hajatokea mwingine aliyeleta gari linalokunywa umeme badala ya mafuta.

Ni mtoto wa binti yangu mkubwa. Nimemlea mwenyewe tangu ana miaka miwili, nikamfundisha kukamua, kupalilia migomba, na kujibu watu. Ameendesha magari ya watalii ya wenzake miaka mingi, anakwenda mbugani na kurudi, mwisho wa safari anakabidhi ufunguo kwa mwenye mali. Siku moja akaniambia, bibi, nimechoka kukabidhi ufunguo. Akajinyima, akanunua hili, dogo, jeupe, limetumika Japani likaja kwa meli. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mambo ya betri alinieleza taratibu, nami nikamwuliza mpaka nikaelewa. Nilivyoelewa ndivyo nitakavyoeleza hapa.

Gari la umeme unaweza kulichaji kwa njia mbili. Ya kwanza ni waya wa nyumbani, unachomeka ukutani kama pasi. Unachomeka jioni, unalala, unaamka, unakamua, unapika uji, unakwenda shambani unarudi, na bado halijajaa. Ya pili ni chaja ya haraka, ile mashine ndefu kama kabati iliyoko mjini, nyuma ya hoteli moja kwenye barabara ya Moshi. Hiyo unakunywa chai na chapati mbili, ukifuta mikono gari limekwisha shiba. Shida ni kwamba gari la mjukuu wangu lina mdomo wa Kijapani, na waya wa ile mashine una kichwa cha Kizungu. Havishikani hata ulazimishe na nyundo. Lazima awepo mkalimani katikati, na mkalimani huyo ndiye adapta.

Ni kidude cheusi, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganjani, kizito kuliko kinavyoonekana. Upande mmoja unaingia garini, upande wa pili unapokea waya. Kina kitufe kimoja na taa moja. Mjukuu wangu alikiagiza mbali sana, akakingoja hadi akakonda. Siku kilipofika alikiweka juu ya meza yangu, akakifungua kama anayefungua zawadi ya harusi, akasema, "Bibi, hiki kikipotea, mimi nimekwisha."

Nilikuwa naenda naye mjini kuchaji kila nikipata nafasi. Mara ya kwanza mlinzi aliniambia nisogee nisije nikapigwa shoti. Nikamwambia nimekamua ng'ombe wanaopiga teke kuliko huo umeme wako, nionyeshe pa kushika. Tangu siku hiyo nachomeka mwenyewe. Kwanza adapta kwenye gari, unasikia inabana. Halafu waya kwenye adapta. Halafu unabonyeza kitufe, unangoja taa iwe ya kijani. Bwana mmoja mwenye gari kubwa la kwake alisimama ananitazama, akamwuliza mjukuu wangu kama mimi ni fundi. Nilijibu mwenyewe. Nilisema ndiyo.

Sasa, kuna hoteli ya wageni huko juu, kwenye barabara ya kwenda lango la Momela, la kuingilia mbugani. Mwenyewe alisikia habari za gari lisilo na kelele wala moshi, akampigia simu mjukuu wangu. Wageni wake wanapenda utulivu, alisema, wanataka kusikia ndege. Akampa siku moja ya kujaribiwa, Jumatatu. Saa kumi na mbili asubuhi awe mlangoni, apeleke wageni uwanja wa ndege, arudi na wengine, awapeleke langoni, alasiri awashushe mjini, awapandishe tena. Ikienda vizuri, kazi ni yake msimu mzima. Gari likizimika njiani hata mara moja, asahau. Mjukuu wangu alifanya hesabu zake, akasema betri ikijaa kabisa Jumapili na akiongeza kidogo Jumatatu mchana, itatosha. Jumapili tungetoka kanisani, tungekwenda mjini moja kwa moja.

Jumapili hiyo ilikuwa Sikukuu ya Mavuno.

Kwetu mavuno hayapelekwi kwa bahasha tu. Unapeleka kilichotoka shambani, mkungu wa ndizi, mayai, maharage, maziwa, jogoo kafungwa miguu. Vinapelekwa mbele ya madhabahu, vinaombewa, na ibada ikiisha vinatolewa nje vinanadiwa. Mwenye hela ananunua, kanisa linapata. Mimi mwaka huo nilijaza kikapu changu kikubwa, ndizi mshare chini, maparachichi juu. Tulipokuwa tunapakia nyuma ya gari, ile adapta ilikuwa imelala peke yake kwenye sakafu ya buti, na gari lilipotikisika kidogo ikabingirika ikagonga chuma. Mimi kitu kinachogongagonga sikiwezi. Mjukuu wangu alikuwa ndani anachana nywele. Nikaichukua adapta, nikaivingirisha kwenye kipande cha kitenge, nikaipachika kikapuni katikati ya maparachichi. Ikatulia kama mtoto mgongoni. Nikafunga buti, nikaenda kutafuta Biblia yangu, na kichwani mwangu adapta ikaisha hapohapo.

Tulifika mapema. Wazee wa zamu wakaja wakashusha kila kilichokuwa kwenye buti, wakakiingiza ndani. Mimi wakati huo nilikuwa na shughuli nyingine. Akina mama wa kikundi changu walikuwa wamelizunguka gari, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulipanda. Nikamwamuru mjukuu wangu awazungushe, wanne wanne, ashuke nao mpaka lami na kurudi, vioo juu, kiyoyozi kikiwaka. Akanisogelea sikioni akasema, bibi, betri. Nikamwambia si tunakwenda kuchaji mchana, unamnyima nani? Ni mtoto mwenye adabu. Akawasha.

Sitasema uzito wa wenzangu, lakini mlima wetu ni mkali. Alikwenda mara moja kabla ya ibada, na ibada ilipoisha nikamrudisha barabarani na kundi la pili, kisha la tatu. Kwa hiyo mnada ulipoanza, yeye alikuwa bado huko chini anawabembeleza akina mama wakubali kurudi.

Mnadishaji wetu ni mwalimu mstaafu, sauti yake ingefika Kwa Mrombo, kule ng'ambo ya mji. Aliuza jogoo, akauza mayai, akafika kwenye kikapu changu. Maparachichi yalikwenda upesi. Kisha akatoa kile kitenge, akakifungua, akanyamaza. Sijawahi kumwona mtu yule akinyamaza. Akakiinua kidude juu kwa mikono miwili, akauliza washarika, "Hiki nacho kimezaliwa shamba gani?"

Watu walicheka. Mmoja akasema ni pampu ya maji. Mwingine akasema ni kipaza sauti cha zamani. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya maua akasema ni cha kupulizia dawa. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele, kati ya yale yaliyotolewa nje.

Utaniuliza kwa nini sikusimama nikasema jamani hicho si cha mavuno, nimekosea. Nakuambia. Mwaka wa nyuma yake, mama mmoja alileta mayai ndani ya sufuria yake mpya, na sufuria ikaenda mnadani pamoja na mayai. Akaja analia arudishiwe. Mimi ndiye niliyesimama nikasema kilichopita madhabahuni kikaombewa hakirudi nyumbani, anayekitaka akinunue kama wengine. Nilisema mbele ya usharika mzima, kwa mdomo huu huu, na watu wakanipigia makofi. Yule mama alikuwa amekaa benchi la pili nyuma yangu. Nilihisi macho yake kisogoni.

Basi nikanyoosha mkono ninunue. Na palepale, upande wa wanaume, jirani yangu naye akanyoosha wa kwake.

Huyu jirani lazima nimweleze. Ni mzee rika langu, shamba lake na langu linanyweshwa na mfereji mmoja. Maji ya mfereji yana zamu, kila nyumba na siku yake, na mtu anayefungua maji siku ya mwenzake ni mwizi kama mwizi wa ng'ombe. Kiangazi kimoja, siku ya zamu yangu, maji hayakufika. Nikaenda kwenye kikao cha mfereji, nikamnyooshea kidole, nikamwita mwizi. Juu ya shamba langu lipo lake tu, nani mwingine angeyachukua? Akakana, hakusikilizwa. Akatozwa mbuzi, mbuzi akachinjwa, tukamla palepale, na maini nilipewa mimi kama mwenye kudhulumiwa. Wiki mbili baadaye nilikuwa nasafisha ukingo, nikaona tundu la fuko, yule mnyama anayechimba chini kwa chini. Alikuwa ametoboa ukingo mzima, maji yangu yalikuwa yanaishia korongoni. Nikaziba tundu kwa mawe na udongo. Mdomo wangu nao nikauziba.

Miaka mitatu tukawa hatusalimiani. Kwa hiyo siku ile ya mnada hakujua kidude ni nini, alijua tu kwamba mimi nakitaka. Nikipandisha, anapandisha. Watu wakafurahi kama wako mpirani, mchungaji anatabasamu, mnadishaji anatugeukia huku na huku. Pochi yangu ikafika mwisho. Yake haikufika. Akakipokea, akakibana kwapani kama kuku, akaondoka zake kwa mguu.

Mjukuu wangu alirudi anacheka, madirisha wazi, akina mama wanaimba ndani. Nilingoja washuke wote ndipo nikamwambia. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa buti tupu, akanionyesha namba ya betri kwenye simu yake. Kumi na nane kati ya mia.

"Bibi, ulikiona kinanadiwa ukanyamaza?"

"Sikunyamaza. Nilitaja bei."

"Ulinyamaza kusema ni changu."

Nikamwonyesha njia aliyoshika yule mzee.

Alikwenda yeye kwanza. Alimwamkia mzee shikamoo, akamweleza kwa adabu, akamwahidi kumrudishia alichotoa na cha juu yake. Mzee alimwitikia vizuri, akamkaribisha chai, akakataa. Alisema amenunua kwa Mungu, na vya Mungu haviuzwi rejareja. Kisha akamwambia, mwambie bibi yako aje mwenyewe.

Nyumbani nilikuwa nimepakua loshoro, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maziwa mgando, ikapoa. Mjukuu wangu alikaa kizingitini anapiga simu. Kuna mtu wa Sokon I aliyesema anayo adapta, kumbe ni ya aina nyingine. Mwingine akasema ziko Dar es Salaam, zinaweza kufika kwa basi Jumatano. Akachomeka gari kwenye waya wa nyumbani, akatazama saa, akahesabu kwa vidole, akachomoa. Hata usiku mzima usingefikisha nusu. Kisha akaanza kuandika ujumbe kwa yule mwenye hoteli kwamba samahani, hataweza. Simu aliishika chini ya kidevu, uso ameuinamisha, kama anavyofanya tangu utoto anapoficha machozi. Niliona kidole gumba chake kinafuta neno, kinaandika tena, kinafuta.

Nikamwambia, "Usitume. Vaa viatu."

Nilipitia mpakani kwanza. Kwetu mipaka ya mashamba tunaipanda sale, ule mmea wa majani marefu usiokufa kwa jua wala kwa panga. Jani lake lina kazi nyingine. Mtu aliyemkosea mwenzake, kosa la kweli, akitaka kusamehewa analipeleka jani la sale, na anayelipelekewa hana ruhusa ya kumfukuza mletaji kabla hajamsikia. Mimi katika maisha yangu nimeletewa jani hilo mara mbili. Kulipeleka, sikuwahi. Nilikata moja, nikalifunga fundo katikati.

Mjukuu wangu akaliona. "Bibi, umemkosea nini yule babu?"

"Tembea. Utasikia hukohuko."

Tulimkuta amekaa nje kwenye kigoda. Adapta iko mezani mbele yake, na ameshakata kipande cha mpira wa maji anakipima kwenye mdomo wa hicho kidude. Wajukuu zake wamekaa pembeni wamechoka kucheza. Mkewe anachambua maharage kwenye ungo. Nikapiga hodi. Mke akanikaribisha, mume hakuinua kichwa. Nikasogea mpaka mbele yake, nikanyoosha jani kwa mikono miwili. Ndipo akaangalia. Aliangalia jani, si mimi.

"Hilo la nini? La kidude?"

"La mfereji," nikasema.

Akaweka mpira chini. "Sema."

"Maji hukuiba. Ni fuko. Nililiona tundu lake kwa macho yangu, wiki mbili baada ya mbuzi wako kuliwa."

Mkewe akaacha maharage.

"Wiki mbili," akasema mzee.

"Wiki mbili."

"Na miaka mitatu ukanipita njiani."

"Nikakupita."

"Na maini ulikula."

"Nilikula."

Nyuma yangu mjukuu wangu alitoa sauti kama mtu aliyepaliwa. Sikugeuka. Mikono ilikuwa imeanza kuniuma kwa kunyoosha lile jani. Mzee alinitazama, sasa mimi mwenyewe, usoni, kama anayetafuta kitu alichokiacha pale zamani. Kisha akalipokea.

Hakutaka mbuzi. Alisema, "Hukunitukana jikoni kwako. Ulinitukana kikaoni. Kikao ni Jumatano."

Nikasema nitakuja. Akachukua adapta, akanipita nayo, akampa mjukuu wangu. Akamwambia wewe huna kosa, mwanangu, ila kabla hujaondoka niambie hiki kitu kinafanya kazi gani, maana nimetoa hela nyingi sana na hakivuti maji.

Mjukuu wangu akamweleza. Mzee akasema hawezi kuamini mpaka aone. Akaenda kuvaa koti. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kiti cha mbele akakaa, akavuta mkanda. Mimi nikapanda nyuma, kwenye gari la mjukuu wangu mwenyewe, na siku hiyo sikuwa mtu wa kudai kiti.

Kuteremka kwenda lami ni mteremko mtupu. Gari lile likiteremka huwa linajirudishia umeme kidogo, na namba ikapanda kutoka kumi na nane hadi kumi na tisa. Mzee aliinama akaiangalia. Akauliza, yaani linatembea na linashiba? Mjukuu wangu akasema kwenye mteremko, ndiyo, babu. Akafikiri mpaka Tengeru, halafu akasema angempata ng'ombe wa namna hiyo angekuwa mtu mwingine kabisa.

Tulifika kwenye mashine jua likiwa bado zuri. Nikashuka haraka nichomeke, nikiri kwamba nilitaka anione. Adapta kwenye gari, ikabana. Waya kwenye adapta. Nikabonyeza kitufe. Taa haikuwaka. Nikabonyeza tena, nikakandamiza. Hakuna kitu. Mjukuu wangu akaja akajaribu, akainama akaitazama, kisha akamwuliza mzee polepole kama kuna mtu alikibonyeza kile kitufe.

Mzee akasema kidogo tu. Mjukuu wangu akaendelea kumtazama. Basi akasema wajukuu wake walipenda ile taa, wamecheza nayo tangu walipotoka kanisani.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho nilikuwa sijui, pamoja na ufundi wangu wote. Ile adapta ina kibetri chake kidogo tumboni. Kibetri kikiisha, mkalimani halali tu, amekufa, na mashine na gari vinabaki vinatazamana. Nilimwona mjukuu wangu ameweka mkono kinywani. Halafu akakimbilia ndani ya gari, akatoa waya wa kuchajia simu, ule ule mnaotumia wote, akauchomeka ubavuni mwa adapta, upande wa pili garini. Akasema tungoje, huenda dakika arobaini, huenda zaidi. Mashine inafungwa saa moja jioni.

Tukangoja. Yeye alikuwa anazunguka gari, hawezi kukaa. Mimi na mzee tulikaa kwenye ukingo wa maua wa ile hoteli. Nilinunua hindi moja la kuchoma nje ya geti, nikalivunja katikati. Akapokea nusu yake. Tulipokuwa tunatafuna akaniambia mbuzi hakumwuma sana. Kilichomwuma ni kwamba siku ile ya kikao mkwewe alikuwepo, kijana aliyemwoa binti yake mwezi uleule, amekuja kumsalimia mara ya kwanza, akamfuata kikaoni kwa heshima. Akamkuta baba mkwe wake anaitwa mwizi. Alisema, "Tangu hapo akija nyumbani, binti yangu ndiye anayeongea. Yeye anaangalia sakafu."

Nikamwuliza kijana huyo anakaa wapi, akasema Nduruma.

Taa iliwaka saa kumi na mbili kasoro. Kwanza nyekundu, ikapepesa, ikawa kijani, na mashine ikaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki. Mjukuu wangu aliegemeza paji la uso kwenye paa la gari akakaa hivyo. Mzee alisimama mbele ya kioo cha mashine mikono nyuma, anasoma namba kwa sauti. Ishirini na mbili. Ishirini na tano. Thelathini, nani anaongeza? Mlinzi akacheka mpaka akashika geti. Ilipofika themanini ikaanza kupanda taratibu, ndivyo ilivyo, na walipokuja kufunga ilikuwa tisini na mbili. Mjukuu wangu akasema hizo nane zilizobaki, na zitakazoliwa na mlima, atazipata kwa waya wa nyumbani kabla hakujapambazuka.

Jumatatu nilisikia mlango wa nje, sikusikia gari. Siku nzima nilipalilia sehemu niliyokuwa nimeshaipalilia. Alirudi jioni, vumbi hadi kwenye kope, akavua viatu, akakaa juu ya gunia la kahawa. Sikuuliza. Mwenyewe akasema ameambiwa aje tena kesho, na keshokutwa, na mpaka msimu uishe. Mgeni mmoja alilala usingizi kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini, alipoamka akauliza kama gari limeshaanza kwenda. Akanisimulia hilo, akacheka, akalala palepale bila kula.

Jumatano nilivaa vizuri. Kikao cha mfereji hukaa kwenye nyasi, pale maji yanapogawanyika, wanaume huku, wanawake huku, mwenyekiti katikati na daftari la zamu. Nilikuwa nimemtuma mjukuu wangu jana yake, alipokuwa anarudi kutoka kazini, apitie Nduruma amwambie yule mkwe kwamba anahitajika. Hakumwambia kwa nini. Kijana alikuja, akakaa mwisho kabisa, anaangalia nyasi.

Niliomba nafasi kabla ya shughuli nyingine. Nikasimama. Nikasema miaka mitatu iliyopita hapa hapa nilimwita mtu mwizi, na maji yangu yalikuwa yamemwagwa na fuko, na nilijua baada ya wiki mbili, na nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimekwisha kula mbuzi. Watu wengine walicheka. Wengine waliguna. Mtu mmoja akasema nitozwe na mimi, mwenyekiti akamwambia angoje.

Sikuwa nimemaliza. Nilimgeukia yule kijana kule mwisho, nikamwambia ainue kichwa. Akainua. Nikarudia yote tangu mwanzo, taratibu, jina la baba mkwe wake nikalitaja na cheo chake cha heshima, na neno mwizi nikaliweka juu yangu mwenyewe kwa sababu jina zuri la mtu ndilo nililoiba. Kisha nikakaa. Nikavuta khanga nikafunika magoti, na mwenyekiti akafungua daftari akauliza kesho maji ni ya nani.